Nakala za Kwihara

Miaka 32 nimekula mshahara wa kutunza karatasi za watu wengine. Masjala ndiyo ilikuwa shamba langu: majalada, folio, rejista ya barua zinazoingia na zinazotoka, dokezo sabili lililopotea njia likaangukia mezani kwangu. Bosi akitaka barua ya mwaka fulani kuhusu mpaka wa kiwanja fulani, nilikuwa naifuata rafuni kwa mkono tu, umeme uwepo usiwepo. Kwa hiyo nilipostaafu nikarudi nyumbani Ng'ambo, hapa Tabora mjini, sikudhani kuna mtu wa kunifundisha habari za karatasi.

Aliyenitoa ndani ni mtoto wa kaka yangu. Yuko kidato cha tatu, alipewa kazi ya historia aende Kwihara kwenye tembe la Livingstone akaandike alichokiona. Mama yake yuko sokoni, baba yake yuko safarini, mwisho wa siku shangazi ndiye mwenye nafasi. Tukapanda bodaboda mshikaki, kama kilomita sita hivi za vumbi jekundu na miembe, mimi nikishika kilemba changu na kuomba dua kila tulipokaribia shimo.

Aibu yangu ni hii: nimezaliwa Tabora, nimezeeka Tabora, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika. Wazungu na mabegi yao nimewaona wakiulizia njia tangu nikiwa msichana. Sisi wenyeji tunapajua kama mtu anavyomjua jirani asiyemsalimia.

Mzee mlinzi alitukuta chini ya mwembe. "Mwangaluka, mama." Nikaitikia, tukaingia. Nyumba ni ya udongo, mlango wake umechongwa kama milango ya Unguja, na ndani kuna ubaridi ule wa kuta nene unaokufanya ushushe sauti bila kuambiwa. Ukutani kuna ramani, picha, barua, kurasa za shajara. Mimi nikaziendea kurasa moja kwa moja, miwani puani.

Karani wa masjala haanzi kwa kusoma. Anaanza kwa kutazama karatasi yenyewe: imekunjwa wapi, imetobolewa mara ngapi, kutu ya pini imeacha alama upande gani. Nikaona kivuli cheusi pembeni mwa ukurasa. Nikaona vidoti vya mashine. Mkunjo nao ulikuwa umechapwa. Karatasi yenyewe ilikuwa imenyooka kama iliyotoka kwenye rimu jana. Nikasema kwa sauti, wala sikuchagua maneno:

"Hizi ni fotokopi."

"Ndiyo mama," mzee akajibu bila kukasirika. "Za asili ziko Scotland."

Mpwa wangu akafunga daftari. "Sasa mzee, tumekuja kuona nini?"

Mzee akaonyesha sakafu kwa kidole. "Alikaa hapa miezi, akiandika. Humu humu."

Kijana hakuridhika. Mimi lile neno liliniingia, maana nilijikuta natazama dirisha na kufikiri mtu angeweka meza upande gani apate mwanga. Stanley na Livingstone walifika Kwihara tarehe 18 Februari 1872, wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi, akamwacha mwenzake akisubiri wapagazi na vifaa ambavyo angemtumia kutoka Unguja. Livingstone hakuondoka mpaka tarehe 25 Agosti. Na Stanley alipoondoka alibeba kitabu kikubwa ambacho yule daktari alikuwa amenakilia safari zake tangu 1866. Wataalamu wa maandishi yake wanakiita Shajara ya Unyanyembe, na Unyanyembe ndiyo nchi yetu hii ya Tabora. Yaani kitabu kina jina letu, kiliondokea hapa, na sisi wenyewe tunakijua kwa fotokopi. Niliondoka nikiwa na kinyongo kidogo, nakiri.

Jioni, baada ya ugali, kijana akaleta simu. "Shangazi, za asili zimepigwa picha, zipo kwenye intaneti. Njoo uone hii."

Niliyoyaona usiku ule kwenye kioo kidogo kile yalinikosesha usingizi kuliko yote ya mchana. Mwaka 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kule Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo ya leo, ukingoni mwa mto Lualaba. Karatasi zikamwishia. Wino nao ukamwishia. Akachukua gazeti la zamani alilokuwa nalo, *The Standard* la London la tarehe 24 Novemba 1869, akaligeuza ubavu, akaandika akiyakata maandishi ya gazeti kama anayefuma ukili. Wino akaupata kwenye mbegu za mmea alioutaja kwa jina la zingifure. Wino wa namna hiyo haudumu. Miaka ikapita, maandishi yake yakafifia, ya gazeti yakabaki yanang'aa palepale, hata ukurasa ukawa hausomeki tena kwa macho. Kuanzia 2009 hivi watafiti wakaanza kuzipiga picha kurasa hizo chini ya mianga ya rangi tofauti, mingine ambayo jicho haliioni kabisa, kisha kompyuta ikatenganisha wino na wino. Mwaka 2011 yakasomeka: miaka 140 baada ya kuandikwa.

Hapo nikaikumbuka midomo yangu ya mchana, "hizi ni fotokopi". Kumbe hata huko iliko ile ya asili, mwenye kuishika mkononi hakuweza kuisoma. Kinachosomeka ni picha yake.

Lakini mambo hayakuishia hapo, na hili ndilo lililoniuma. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wa watumwa walifyatua bunduki katikati ya soko la Nyangwe. Wakafa mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua, wengine wakazama mtoni wakikimbia. Livingstone alikuwepo. Aliandika papo hapo kwenye magazeti yake kwa wino wa mbegu. Baadaye akainakili habari hiyo kwenye ile Shajara ya Unyanyembe. Waliolinganisha maandishi hayo mawili wameona kwamba nakala haikufanana na ya kwanza: aliyoyaandika awali kuhusu mwenendo mbaya wa watu wa msafara wake mwenyewe yamepunguzwa makali, mengine hayapo.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mmanyema wa Ujiji. Wamanyema wa Ujiji na wa Tabora wanajua wazee wao walivyovuka ziwa. Wengine walivuka kwa hiari wakitafuta biashara, wengine walivuka shingo zao zikiwa kwenye kamba, na kwetu swali hilo halikuulizwa mbele ya wageni. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba habari za soko lile zilirekebishwa wakati wa kunakiliwa, siyo jambo la wasomi tu hilo. Najua kwamba kila karani ananakili akiwa amechoka, na najua mtu anaweza kulainisha neno kwa sababu ya aibu. Wala simwiti mwongo. Bila yeye tusingejua hata tarehe. Ila kazini kwangu, anayenyofoa folio kwenye jalada na kuingiza nyingine iliyoandikwa vizuri zaidi anaandikiwa barua ya kujieleza.

Kijana alishalala. Mimi niliendelea na simu mpaka chaji ikabaki asilimia nne, na hapo ndipo nilipokutana na karani mwenzangu.

Jacob Wainwright alikuwa Myao. Alitekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa kwenye shule ya wamisionari Nasik, India. Alikuwa miongoni mwa wale vijana waliotumwa na Stanley kutoka Unguja mwaka 1872, wakafika Kwihara, wakaondoka na Livingstone. Livingstone alipofia kijijini kwa mtemi Chitambo, katika nchi inayoitwa Zambia siku hizi, tarehe 1 Mei 1873, akina Susi na Chuma, watumishi wake wa siku nyingi, waliamua mwili urudishwe pwani. Sifa zao zinajulikana. Jacob yeye aliitwa kufanya kazi ya ofisi: aorodheshe mali ya marehemu mbele ya wenzake, ili mbele ya safari mtu asije akawaita wezi.

Orodha yake imehifadhiwa. Ni fupi. Kwenye sanduku moja, kama shilingi moja na nusu. Kwenye jingine, kofia, saa moja, visanduku viwili vya chombo cha kupimia, dira moja. Halafu, chombo cha kupimia cha aina nyingine, vitatu. Halafu tena, chombo cha kupimia cha aina nyingine, vinne. Nilicheka peke yangu gizani, nikacheka hadi machozi, kisha kicheko kikakata. Huyu kijana hakujua vile vyombo vinaitwaje. Angeweza kubuni jina, nani angemkatalia porini kule? Hakubuni. Aliandika alichokiona, akahesabu, akasonga mbele. Nimefundisha makarani wapya wengi, wenye vyeti, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote kuwafundisha: usilolijua usilijazie.

Oktoba 1873 msafara ulipokaribia Tabora, Chuma alitangulizwa na barua iliyoandikwa na Jacob. Aliipeleka Kwihara kwa Cameron, Mwingereza aliyekuwa amepanga hapo akiwa safarini. Barua ilikuwa imeandikiwa mtoto wa marehemu, kwa kudhani yuko kwenye msafara ule: baba yako amefariki, mwili tunao, njaa inatubana, tuletewe nguo za kununulia chakula. Kila kitu kilichotakiwa kuwemo kimo, hamna neno la ziada. Walipofika, Cameron alifungua masanduku na kuchukua baadhi ya vile vyombo kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Kwa hiyo orodha ilipungua hapa hapa kwetu. Lakini kwa sababu iliandikwa, tunajua kwamba ilipungua, na tunajua haikupungulia mikononi mwa wabebaji.

Jacob aliandika pia shajara ya ile safari ya kurudisha mwili. Daftari lenyewe liko Blantyre, Scotland, alikozaliwa Livingstone, na mwaka 2019 kurasa zake ziliwekwa kwenye intaneti. Yeye alifika Uingereza na jeneza, akawa miongoni mwa walioshika kitambaa kilichofunika jeneza pale Westminster Abbey mwezi Aprili 1874, kisha akarudi Afrika. Alifia Urambo mwaka 1892. Urambo hii hii yetu ya mabasi ya asubuhi! Nimepita pale nikienda harusi, nikirudi na gunia la karanga, na sikuwahi kuambiwa.

Sasa nije kwenye dhambi yangu.

Kwetu kulikuwa na karatasi moja. Babu aliiweka kwenye sanduku la bati, ndani ya kitambaa, pamoja na cheti chake cha kazi ya reli. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, pande zote mbili. Watoto tulikatazwa kuishika. Tulidhani ni dua. Babu alipofariki akaachiwa baba, baba alipofariki ikaja kwangu, kwa sababu "wewe ndiye mtu wa makaratasi". Nikaipokea kwa fahari. Mwaka 2009 nikaona kingo zinameguka, na kama mtaalamu nikachukua hatua: nikaipeleka steshenari wakaipiga laminesheni. Shilingi elfu na kitu. Nikaitundika sebuleni mkabala na dirisha, ili kila mgeni aone.

Wanaohifadhi nyaraka za kale hawafanyi hivyo, na nimelijua hilo nikiwa nimestaafu. Ile mashine inabana karatasi kwa joto, gundi inayeyuka na kuingia kwenye nyuzi zake, na kuitoa bila kuichana karatasi karibu haiwezekani. Mwanga wa dirisha ukamalizia. Kumbe ilichohitaji ni bahasha ya karatasi safi isiyo na tindikali, boksi, giza, mahali pakavu pasipofikiwa na mchwa, na mikono iliyooshwa na kukauka. Giza na ukavu tayari babu alikuwa amevipata kwa sanduku lake la bati. Mimi mwenye miaka 32 ya kazi ndiye niliyevitoa.

Siku ya tatu baada ya Kwihara niliishusha ukutani nikaenda nayo kwa maalimu wa mtaa wetu, mzee anayezijua khati za zamani. Kijana akanifuata na simu yake, sasa kazi ya shule ilikuwa imemkolea. Maalimu akaigeuza geuza juani, plastiki inang'aa machoni.

"Hii umeifanyaje, mama?"

"Nimeikosea, maalimu."

Akatikisa kichwa, akasoma mstari wa kwanza kimyakimya, kisha akatabasamu. "Siyo dua. Ni barua. Na siyo Kiarabu, ni Kiswahili."

Miaka yote ile tunaiheshimu kama msahafu, kumbe ni lugha tunayogombania maji bombani! Maalimu akatueleza kwamba ndivyo watu wetu walivyoandikiana kabla ya shule za Kijerumani na za misheni kueneza herufi hizi za Kirumi, na hata baada ya hapo. Unguja kwenye Nyaraka za Taifa kuna hazina kubwa ya miswada ya herufi hizo, na UNESCO iliiorodhesha mwaka 2003 kuwa kumbukumbu ya dunia. Tena akasema, si kila kilichoandikwa kimeandikwa kibaki. Kuna kombe, linaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, linaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa na maandishi yamekwisha. "Lakini hii," akagonga plastiki kwa ukucha, "mwenyewe alitaka ifike."

Kuisoma hakukuwa lelemama. Herufi za Kiarabu hazina *p* wala *v*, na mwandishi wa zamani alipitisha kwenye *b* na *f*. "Pata", "bata" na "mbata" huweza kuandikwa sawasawa, wewe msomaji ndiye wa kuamua kama mtu anazungumzia riziki, ndege au nazi kavu. Kijana akaandika kwa penseli, maalimu akitamka neno baada ya neno. Salamu ndefu. Barua imetoka Ujiji. Mizigo ya chumvi ya Uvinza, mingapi hapasomeki. Mtu fulani aliugua akapona. Tarehe ilikuwa chini kabisa, pale mashine ilipoanza kuuma, na hapo pamebaki weusi wa kuungua.

Kuna mahali maalimu alisita, akasema, "Andika tu 'ndugu yetu', ndiyo maana yake itakuwa."

"Unaiona, maalimu?"

"Siioni, ila inaelekea."

"Basi mwache aweke nukta."

Akanitazama kidogo. Akamwambia kijana, weka nukta. Tukaweka nukta mahali kumi na moja.

Tulikuwa tunafunga ndipo kijana akazima taa ya chumba, akawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni mwa plastiki, mwanga ukapita juu juu ya karatasi badala ya kuipiga usoni. Ameyatoa wapi, sijui. Nadhani kwenye zile picha za Nyangwe. Pembezoni, mahali ambapo mimi siku zote niliona pambo lililofifia, kukatokea mstari ulioandikwa kwa kugeuza karatasi. Mtu alikuwa amemaliza barua, nafasi imemwishia, akakumbuka jambo. Maalimu akainama hadi kofia ikagusa meza.

"'Na jembe langu,'" akasoma, "'alilolichukua...' hapa nukta... 'usilisahau.'"

Tukatazamana. Jembe la chuma enzi hizo halikuwa kitu cha kuazimana ovyo. Kwa Wanyamwezi mtu aliweza kutolea mahari. Usiku nikampigia kaka nikamsomea yote. Akakaa kimya, kisha akasema jina lililo kwenye nukta anaweza kulikisia, kwa tabia za ukoo wetu anazozijua. Nikamwambia asikisie.

Kesho yake akawapigia simu ndugu wa Ujiji, akawaeleza habari ya barua, ya chumvi, ya laminesheni ya dada yake, hadi akafika kwenye jembe. Wamejibu kwamba wanalisubiri.